Kwa mnaoanza na draiva za GPU hapa Mwanza: helpa ya fensi muiandike hivi

Wadogo zangu mnaoanza kugusa draiva za GPU (chipu ya michoro) kwenye Linux, hasa nyie wa Nyegezi na Malimbe mnaoniuliza mbona kodi inakimbia freshi alafu ghafla skrini inaganda, naomba nianze na hili. Helpa (fanksheni ya msaada inayoitwa na draiva) ya kusawazisha kazi za GPU, nani amsubiri nani, haiandikwi ili kupunguza mistari. Inaandikwa ili sheria moja ikae sehemu moja na anayeiita ashindwe kuivunja kirahisi. Kama helpa yako inafupisha kodi tu lakini sheria bado anatakiwa aikumbuke yule anayeiita, hiyo bado, irudishe jikoni.

Twende kwenye fensi yenyewe. Kwenye kerneli (kiini cha Linux) dma_fence ni ahadi, kwamba kuna kazi imeenda GPU na ikiisha fensi itatoa ishara. Yeyote anayetaka bafa (kipande cha memori) ambayo kazi hiyo inaitumia, iwe draiva ya kioo, ya kamera au GPU nyingine kabisa, anasubiri hapo. Na kwa sababu wanaosubiri hauwajui, kuna sheria kubwa kuliko zote: ukishaitangaza fensi ni lazima itoe ishara ndani ya muda wenye mwisho, iwe kazi imefanikiwa au GPU imekwama ukairiseti.

Hapo ndipo watu wanapigwa, maana kuivunja hiyo sheria hakuonekani kama kosa. Chukulia kivuko cha Kamanga. Magari upande wa mjini yamepanga foleni yanasubiri kivuko kirudi, kule ng'ambo nahodha anasema hang'oi mpaka apate mafuta, na mafuta yenyewe yako kwenye lori lililopanga foleni huku mjini. Kila mtu yuko sahihi na hakuna kitakachosogea. Sasa kwenye kodi mafuta ni memori. Ukiwa kwenye njia ya kwenda kutoa ishara ukaomba memori kwa GFP_KERNEL (ombi la kawaida, linaloruhusiwa kusubiri), kerneli ikiwa imebanwa itaanza kutafuta memori ya kurudisha, inaweza kuingia kwenye shirinka ya draiva (fanksheni ya kuachia memori) ambayo nayo inasubiri fensi ileile unayotaka kuitolea ishara, basi imeisha hiyo. Lok (kufuli za kodi) nazo ni hivyohivyo, usishike kwenye njia hiyo lok ambayo mtu mwingine huwa anaishika huku anasubiri fensi, na dma_resv_lock, inayolinda fensi za bafa, ni ya kwanza kwenye orodha.

Kwa hiyo helpa nzuri inakatwa vipande viwili: kipande kinachoweza kufeli kinakuja kwanza, kipande kisichoweza kufeli kinakuja baadaye. Angalieni dma_resv, sehemu ya kerneli inayotunza fensi za kila bafa, ilivyopangwa, mimi naipenda sana na nawaomba muisome taratibu. Kwanza unaita dma_resv_reserve_fences, hii inatenga nafasi na inaweza kurudisha erra, ikifeli unarudi nyuma kwa amani maana hujaahidi kitu. Baadaye ndio dma_resv_add_fence, na hii ni void, hairudishi chochote kwa sababu haina cha kufeli, nafasi ilishatengwa. Sasa utamu uko hapa, ukiwa umewasha CONFIG_DEBUG_MUTEXES (chaguo la kerneli la kukagua lok), kila ukiachia lok kerneli inafuta zile nafasi za ziada ulizotenga, makusudi kabisa, ili draiva iliyotenga nafasi alafu ikaachia lok alafu ikarudi kuongeza fensi ikamatwe mezani kwa anayeiandika isije ikafika kwa mtumiaji.

drm_sched (inayopanga foleni ya kazi za GPU) nayo ina mpango huohuo: drm_sched_job_init inaweza kufeli, drm_sched_job_arm ndio hakuna kurudi, baada yake unaisukuma kazi tu. Ukiandika helpa yako mwenyewe jiulize arm yake iko wapi. Kama huwezi kuonyesha mstari kwa kidole, basi ndani humo fensi inatangazwa mapema mno.

Kingine kidogo ila kinasumbua, thamani zinazorudi. dma_fence_wait inarudisha 0 ikiwa mambo yameenda vizuri. Dada yake dma_fence_wait_timeout inarudisha 0 ikiwa muda umeisha bila ishara, namba chanya ikiwa imefanikiwa, hasi ikiwa kuna erra kama -ERESTARTSYS (kusubiri kumekatizwa). Yaani sifuri moja maana mbili, na mtu akiandika if (ret) kwa mazoea ya kerneli anasoma kufaulu kama kufeli. Helpa yako ya kusubiri ibadilishe hiyo mara moja ndani: sifuri ni sawa, -ETIMEDOUT ni muda umeisha, basi, aliyeko nje asihesabu jifi (tiki za saa ya kerneli).

Kolbaki sasa, yaani fanksheni inayoitwa fensi ikitoa ishara. dma_fence_add_callback ikikuta fensi imeshatoa ishara inarudisha -ENOENT na kolbaki yako HAITAITWA. Ukipuuza hiyo, kazi yako haifanyiki milele, tena inatokea siku GPU iko fasta tu kwa hiyo kuirudia ni shida. Wengi wanaandika helpa inayosema basi ikija -ENOENT niite fanksheni mwenyewe palepale. Mimi sikubaliani nayo, kwa sababu sasa fanksheni moja inakimbia sehemu mbili tofauti, mara kwenye konteksti (mazingira) ya aliyeita ambako kulala, yaani kusimama kusubiri, kunaruhusiwa, mara ndani ya lok ya fensi intarapti zikiwa zimezimwa ambako kulala ni marufuku. Bora zote mbili ziishie kwenye queue_work (kazi inawekwa foleni ifanywe baadaye), inachelewa kidogo lakini konteksti ni moja na anayeandika ile kazi hana cha kukisia.

Alafu msigeuze helpa kuwa bosi. Draiva ndio inaita helpa, na siku hadwea yake ina ukorofi wake iweze kuiacha hiyo moja ikaandika ya kwake bila kubomoa nyingine. Mkiona helpa inaanza kupokea flagi ya nne ya "kwa draiva fulani usifanye hivi", gaweni vipande vidogo. Na msiiandike mapema, subirini muone kodi ileile kwenye draiva mbili tatu kwanza, hapo ndipo mtajua kipi kinafanana kweli.

Suala la mashine lisiwatishe. vkms na vgem, draiva za kuigiza za kerneli, hazihitaji GPU yoyote, zinakimbia ndani ya QEMU (mashine pepe) kwenye laptopu ya mtumba. Kuhusu bando, vuteni kerneli kwa git clone --filter=blob:none, historia mnabaki nayo na bando linapona. Kisha washeni CONFIG_PROVE_LOCKING, inayowasha lockdep, mkaguzi wa mpangilio wa lok. Njia yenu ya kutoa ishara izungushieni dma_fence_begin_signalling na dma_fence_end_signalling, alama ambazo Daniel Vetter, mwandishi wa kodi ya kerneli, alizileta 2020 zikaingia Linux 5.9. Zikiwepo, lockdep inapiga kelele ikiona tu mpangilio mbaya hata kama siku hiyo hakuna kilichoganda. Anzeni na zoezi hili: chukueni vgem, wekeni kmalloc ya GFP_KERNEL katikati ya hizo alama mbili, someni ripoti itakayotoka kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli) mstari kwa mstari mpaka muweze kumweleza mwenzenu nani anamsubiri nani. Mkikwama mahali njooni na hiyo ripoti nzima, sio picha ya nusu skrini, tuisome pamoja.