Fundi Ajibu: Nyuzi Bapa kwenye Gitaa la Besi

SWALI: Mimi ni mpiga besi katika kanisa moja hapa Nakuru, na Jumamosi nyingi hucharaza na bendi inayotumbuiza harusini kuanzia Naivasha hadi Molo. Besi yangu ina nyuzi nne, niliinunua ikiwa imetumika, na sijawahi kuifunga nyuzi zozote isipokuwa zile za kawaida. Hivi majuzi mzee mmoja aliyepiga benga kwa miaka mingi alinisikiliza, akaniambia kwamba besi yangu inalia kama sufuria, na kwamba nikifunga nyuzi bapa nitaipata sauti nzito ya santuri za zamani. Bei niliyoonyeshwa inazidi maradufu ya ile niliyozoea. Je, nizinunue? Na nikizinunua, nichague zipi?

JIBU: Masikio ya mzee huyo ni mazima, ila dawa aliyokuandikia ni nusu ya dawa, na heri uijue nusu ya pili kabla hujafungua mfuko.

Kwa kawaida uzi wa besi una waya wa chuma katikati, ambao huzungushiwa waya mwingine. Katika nyuzi ulizozizoea, waya wa nje ni wa mviringo, hivyo ukipitisha ukucha juu yake unasikia mikwaruzo kama ya meno ya skrubu. Katika nyuzi bapa, ambazo madukani utasikia zikiitwa flati, tabaka la nje ni utepe mwembamba wa chuma uliozungushwa ukingo kwa ukingo, na uso wake ni laini kama mgongo wa kisu. Ulaini huo unaondoa ule mlio wa vidole vinapoteleza na unazipunguzia freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyoikatiza shingo, msuguano. Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba zile sauti nyembamba za juu zinazoandamana na sauti ya msingi hufifia mapema, ikabaki sauti ya msingi yenyewe, nene na fupi. Huo ndio mdundo anaoukumbuka mzee wako.

Wengi hudhani kwamba nyuzi bapa ni mtindo wa pembeni uliobuniwa kwa ajili ya wapiga jazi, ilhali ndizo zilizotangulia. Fender ilipoanza kuuza besi yake ya Precision mwaka wa 1951, besi hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na nyuzi bapa. Nyuzi za mviringo zilipata umaarufu katikati ya miaka ya 1960, hasa baada ya kampuni ya Rotosound ya Uingereza kushirikiana na John Entwistle wa kundi la The Who, aliyetaka besi inayong'aa kama piano. Kwa hivyo ukali wa sauti ambao leo tunauita wa kawaida ni mdogo kwa umri kuliko ala yenyewe.

Sasa nusu ya pili ya dawa. Sauti ile ya zamani ilitengenezwa na nyuzi, lakini pia ilitengenezwa na kuuzima mvumo. Besi nyingi za Fender za miaka ile zilikuwa na kipande cha sponji karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, kikigusa nyuzi ili noti isiendelee kuvuma baada ya kazi yake kwisha. Katika benga jambo hili lina uzito wake, kwa maana besi ya benga hailali chini ya magitaa kama mkeka; inarukaruka katikati yao, na bendi inapofika kwenye kilele, ambapo gitaa la solo linakimbia na waimbaji wamenyamaza, kila noti ya besi inapaswa kuondoka kabla ya inayofuata kuingia. Kwa sababu hiyo nakuomba ufanye jaribio la bei ya chai kabla ya kununua chochote. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kisukume chini ya nyuzi karibu na daraja hadi kizibane kidogo, punguza kitufe cha toni hadi karibu na mwisho, kisha upige nyimbo zako tatu au nne pamoja na bendi nzima, wala si peke yako chumbani. Ikiwa utaipenda sauti hiyo lakini ukatamani iwe laini zaidi vidoleni na iwe na uhai kidogo zaidi, nyuzi bapa zitakufaa. Ikiwa wenzako watakuuliza besi imeenda wapi, basi umeokoa pesa zako.

Swali hilo la besi imeenda wapi ningependa kulikalia kidogo, kwa kuwa ndilo linalowasumbua wapiga besi wengi wa huku kwetu, nao hulisingizia gitaa. Uzi wa E ulio wazi hutoa mitetemo takriban 41 kwa sekunde. Spika ndogo za kanisani, zile za inchi nane zilizotundikwa ukutani, haziwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu. Msikilizaji huitambua noti kwa kuwa sikio lake hunasa zile sauti za juu zinazoandamana nayo na kujijazia pengo. Ukifunga nyuzi bapa umeziondoa sauti hizo za juu, na kile kilichobaki ndicho ambacho spika haiwezi kukitoa. Matokeo yake ni kwamba jukwaani, ukiwa mbele ya amplifaya yako, utasikia raha tupu, ilhali mama aliyeketi safu ya nyuma hasikii kitu. Chini ya hema la harusi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu nje hakuna kuta za kuirudisha sauti nzito. Na kanisani kuna adui mwingine, naye ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Akipiga noti za chini kabisa pamoja nawe, sauti zenu zitavurugana kama matope. Ongea naye kabla ya kubadilisha nyuzi, mkubaliane apande juu oktava moja. Mazungumzo hayo yatafanya kazi kubwa kuliko seti yoyote ya nyuzi.

Tuseme umejaribu, ukaridhika. Chagua kwa mvutano kwanza, jina la kampuni lifuate. Uzi bapa wenye unene ule ule wa uzi wa mviringo kwa kawaida ni mzito zaidi, kwa kuwa utepe hauachi nafasi tupu kati ya mzunguko na mzunguko, na uzi mzito lazima ukazwe zaidi ili ufikie noti ile ile. Ndiyo maana mtu hubadilisha nyuzi za namba 45 hadi 105 kwa nyingine za namba hizo hizo, kisha akashangaa kwamba vidole vinamuuma na shingo ya gitaa imepinda. Namba hizo ni unene kwa sehemu za elfu moja za inchi; uzi wa 45 una unene wa zaidi kidogo ya milimita moja.

Seti ya Thomastik-Infeld kutoka Vienna, yenye namba 43, 56, 70 na 100, ni legevu kuliko nyingi na ina sauti tamu ya katikati, lakini mtu anayepiga kwa nguvu ataziona zinayumba chini ya vidole. Upande wa pili kabisa kuna seti nzito ya La Bella, 52, 73, 95 na 110, ya aina aliyotumia James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown mjini Detroit. Hizo zinahitaji shingo imara na mkono wa mtu aliyezoea jembe. Rotosound hutengeneza nyuzi bapa zilizokaza na zenye ukali, na Steve Harris wa Iron Maiden anapigia roki nazo, jambo linalopaswa kumnyamazisha yeyote anayedai kwamba nyuzi bapa ni za wazee tu. Kati ya hizo zote kuna Chromes za D'Addario, ambazo zikiwa mpya bado zina mng'ao, kisha hutulia kadiri miezi inavyopita. Kwako wewe, unayepiga sifa asubuhi ya Jumapili na rumba jioni ya Jumamosi kwa gitaa moja, ningechukua hizo Chromes katika seti ya 45, 65, 80 na 100. Kama kuna nyimbo za kanisa unazozipiga kwa kugonga gumba, ujue kwamba mtindo huo utapoteza makali yake, na hakuna kitufe kitakachoyarudisha.

Kabla ya kulipa, hakikisha pakiti imeandikwa kwamba ni za shingo ndefu, yaani inchi 34 kutoka daraja hadi nati, yaani kile kipande chenye mifereji ambacho nyuzi hupitia juu ya shingo, ikiwa gitaa lako ni la kipimo hicho. Pima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani. Kumbukumbu ya muuzaji si kipimo.

SWALI: Mimi ni mpiga rumba mkongwe wa Kisumu. Niliagiza nyuzi bapa kutoka Nairobi, zikanijia kwa matatu, na kijana mmoja akanifungia. Tangu siku hiyo nyuzi zimeinuka mno kutoka freti ya tano hadi ya kumi na mbili, na uzi wa E unatoa sauti ya kugonga ubao, haiimbi. Je, niliuziwa nyuzi bandia?

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Huenda nyuzi zako hazina kosa lolote. Dalili ulizozitaja ni mbili na kila moja ina chanzo chake.

Kuinuka kwa nyuzi katikati ya shingo kunatokana na ule mvutano mkubwa niliomweleza ndugu yetu wa Nakuru: nyuzi zimeivuta shingo mbele ikawa kama upinde. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na wakati huo huo kwenye freti iliyo karibu na mahali shingo inapokutana na mwili, kisha utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba. Kadi ya mwaliko wa harusi inapaswa kupita kwa kugusagusa. Ikiwa kidole kinaweza kuchungulia, fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inahitaji kukazwa, robo ya mzunguko tu, kisha gitaa lipumzike hadi kesho yake kabla ya kuligusa tena, kwa kuwa mbao haina haraka. Ukiiona fimbo imekuwa ngumu, usiishurutishe, mpelekee fundi. Na kama shingo ni dhaifu kwa uzee, shusha nyuzi zote nusu toni. Mvutano utapungua kwa takriban asilimia 11, na waimbaji waliozeeka pamoja nasi watakushukuru.

Uzi wa E uliokufa ni habari nyingine, nami ninaijua kwa sababu niliwahi kuua mmoja kwa mkono wangu. Nilipima urefu, nikaukata ukiwa umenyooka, kisha nikauingiza kwenye kigingi, yaani kile kinachozungushwa kuukaza uzi. Utepe wa nje ukalegea kutoka kwenye waya wa ndani, na tangu hapo uzi haukuimba tena hata siku moja. Uzi bapa hukunjwa kwanza kwa pembe kali pale utakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukatwe mbele ya mkunjo huo. Vilevile uzi ukijipota wakati wa kufungwa, hubaki na msokoto unaouzuia kutetemeka. Ulegeze, uutoe kwenye kigingi, uache ujinyooshe wenyewe, kisha uurudishe bila kuupota. Ukifufuka, kosa lilikuwa msokoto. Usipofufuka, tazama ncha yake: kama umekatwa bila mkunjo, agiza uzi mmoja wa E, si seti nzima. Kama gitaa lako linapitisha nyuzi nyuma ya mwili badala ya kwenye daraja peke yake, zipitishe kwenye daraja ikiwa lina matundu, maana kona ile kali huuvunja utepe.

SWALI: Kwa miaka mingi nimekuwa nikichemsha nyuzi zangu za besi ili zipate uhai upya. Sasa nina nyuzi bapa, nazo zimeanza kufifia. Je, nizichemshe pia? Msomaji, Kakamega.

JIBU: Hapana. Maji moto hufanya kazi kwenye nyuzi za mviringo kwa kuwa huyeyusha jasho na uchafu uliojibana kwenye mifereji yake. Nyuzi bapa hazina mifereji ya aina hiyo, na maji yakiingia chini ya utepe hayatoki kirahisi, yanabaki humo yakila waya wa ndani. Isitoshe, kule kufifia unakokulalamikia ndiko wengine wanakokusubiri kwa miezi. Inasimuliwa kwamba Jamerson hakuwa akibadilisha uzi ila ulipokatika, na mimi binafsi nina seti iliyozidi miaka saba.

Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, hasa ukiwa umetoka kwenye joto. Zibadilishe iwapo noti ya freti ya kumi na mbili haikubaliani tena na oktava ya uzi ulio wazi hata baada ya fundi kusogeza vipande vya daraja, au utepe ukiinuka mahali popote na kuanza kukuchana kidole.