Shangazi, wakwe 25 wanakuja Krismasi na jiko langu ni la pleti mbili

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka minne ya ndoa. Kwetu ni Muheza, Tanga, mume wangu ni Mmachame. Kila Desemba tunapanda Kilimanjaro, mama mkwe anapika, mimi namenya na kuosha vyombo. Mwaka huu mama yuko Dar kwa matibabu ya goti na hawezi kusafiri, kwa hiyo ndugu wamekubaliana Krismasi iwe kwetu Kimara. Tutakuwa 25, wanane kati yao watoto. Mume wangu kaniachia laki tatu na kusema, "Utaweza tu." Wifi yangu mkubwa anataka tuagize chakula, maana eti pilau yangu ni ya watu sita. Shemeji anataka kuja na kitimoto, wakati majirani tunaokula nao kila sikukuu ni Waislamu. Mama naye atafika tarehe 23 "kunisaidia", na akishika mwiko yeye, mimi sina jiko tena. Nimepanga pilau, biriani, machalari, mtori, chapati, kuku wa kukaanga, samaki wa nazi na keki. Nina jiko la gesi la pleti mbili na majiko mawili ya mkaa. Usiku silali. Nifanye nini? – Mke wa Kimara*

Marahaba, mwanangu. Kinachokunyima usingizi ni mama mkwe, lakini kitakachokuangusha ni hiyo orodha. Vyakula vinane kwa jiko lako haviwezekani, hata angepika mama mwenyewe na goti lake zima.

Chukua chapati peke yake. Watu 25, mbili mbili, ni chapati 50. Kilo moja ya unga inatoa kama 12, kwa hiyo unahitaji zaidi ya kilo nne. Kila moja ikikaa motoni dakika tatu, umesimama hapo saa mbili na nusu, na pleti moja haifanyi kitu kingine. Zifute. Biriani nayo ifute, kwa sababu penye pilau ni wali juu ya wali. Samaki wa nazi anataka kuliwa akitoka jikoni, na joto la Dar mwezi huo halimsubiri mtu atoke kanisani. Machalari na mtori vyote ni ndizi na nyama, chagua mtori. Unabaki na mtori wa kuanzia, pilau ya nyama, kuku wa kuchoma, kachumbari, na maembe ambayo Desemba yako kila kona. Keki mwachie wifi. Anataka kuagiza? Aagize keki, tena kubwa.

Sasa mama. Umeandika kwamba anakuja kukunyang'anya jiko. Mtazame upande wa pili. Miaka yote Desemba wanawe wamekuwa wakipanda mlimani kwake, chungu ni chake, na yeye ndiye anayesema nani akae wapi na nani aongezwe. Mwaka huu goti limemnyima nyumba yake siku ile anayoisubiri mwaka mzima. Anakuja kwako akiwa mgeni, na hajawahi kuwa mgeni siku ya Krismasi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "mama pumzika, kaa sebuleni", umemwambia hana kazi tena. Ataingia jikoni kwa nguvu, na mwiko atauchukua kweli.

Kwa hiyo mpe chungu chake kabla hajakiomba. Mpigie wiki hii, usingoje afike, na umpigie wewe mwenyewe badala ya kumtuma mumeo. Mwambie: "Mama, mwaka huu mtori ni wako. Ndizi na nyama nitanunua mimi, nitakupa wasichana wawili wa kukumenyea, ila mkono uwe wako, maana wajukuu wasipokula mtori wako hawataona kama ni Krismasi. Pilau nitapika mimi, ya kwetu Tanga." Sentensi hiyo ya mwisho usiimeze. Iseme kwa sauti ile ile, ili ajue mapema kwamba mipaka ipo na imewekwa kwa heshima. Siku yenyewe mwekee kiti chenye mgongo nje, kivulini, na kigoda cha kuegeshea mguu. Jiko lake la mkaa liwe karibu naye ili asisimame kila dakika. Wewe na pilau yako muwe upande wa pili wa uwanja. Akikutumia mtoto kusema chumvi haitoshi, onja. Kama haitoshi, ongeza na umshukuru. Kama inatosha, jibu "ndiyo mama" na uendelee.

Mtori wa watu 25, bakuli moja moja, unataka ndizi mshale kama 40 na kidari cha ng'ombe chenye mafuta yake, kilo mbili na nusu. Ndizi kanunue tarehe 24 asubuhi kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, na uchague mbichi kabisa. Zikishaanza kulainika mtori unakuwa na utamu wa ndizi mbivu, na mama ataonja kijiko kimoja tu na kujua. Wanaomenya wapake mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, la sivyo utomvu utawaganda vidole siku mbili. Kila ndizi ikimenywa itumbukizwe kwenye maji hapo hapo, maana ikikaa hewani inakuwa nyeusi na mtori unatoka wa kijivu. Nyama ichemshwe kwanza peke yake mpaka ilainike. Ndizi ziingie baadaye, zichukue kama nusu saa. Siagi au maziwa yanakuja mwisho, baada ya kuponda. Jambo moja la kukumbuka: mtori ukikaa unakuwa mzito, kwa hiyo bakisha supu lita moja ya kuulegezea kabla ya kupakua.

Turudi kwenye pilau, kwa sababu hapo wifi amekugusa penye ukweli kidogo. Pilau ya watu sita haigeuki kuwa ya watu 25 kwa kuzidisha kila kitu mara nne.

Mchele kilo nne unatosha, na sahani za majirani zitatoka humo. Nyama kilo tatu, viazi kilo mbili, vitunguu maji kilo moja na nusu. Pika katika sufuria mbili za lita kumi, kila moja kilo mbili za mchele. Ukijaza sufuria moja kubwa, wali wa chini unabeba uzito wote, unapondeka na kuwa bokoboko wakati wa juu bado una kiini. Tena weka zote mbili kwenye mkaa. Moto wa pleti ya gesi ni mdogo kuliko kitako cha sufuria hiyo, kwa hiyo unaunguza katikati na kuacha pembeni kubichi.

Nyama ya pilau na ya mtori ichemshe tarehe 24 jioni, kila moja na chungu chake. Ya pilau weka tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, uitoe ikikaribia kuiva, isianze kuchambuka. Tenganisha nyama na supu, mimina kwenye vyombo vipana vipoe upesi, kisha viingie kwenye friji. Sufuria nzima ya supu ya moto ikifunikwa na kuachwa mezani mpaka asubuhi, katikati yake inakaa na uvuguvugu usiku kucha na inachacha. Supu ya namna hiyo inaweza kuwaumiza watu matumbo tarehe 26.

Vitunguu kaanga kwa mafungu. Ukimwaga vyote kwa pamoja vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na pilau yako inatoka nyeupe. Vitoe kwenye mafuta vikiwa kahawia iliyokolea tu, maana joto la mafuta linaendelea kuvipika hata baada ya kuepua, na kitunguu kilichoungua kinatia uchungu sufuria nzima. Kwa kila sufuria weka binzari nyembamba vijiko viwili vya chakula, iliki kumi, karafuu nane, mdalasini vijiti viwili, na pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Karafuu usiongeze. Ikizidi inafunika vingine vyote.

Halafu maji, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sufuria ndogo inapoteza mvuke mwingi kulingana na kilichomo, kubwa inapoteza kidogo. Kama nyumbani unaweka vikombe viwili vya supu kwa kikombe cha mchele, hapa weka kimoja na nusu, na mchele uwe umelowekwa nusu saa na kuchujwa. Kilo mbili za mchele ni kama vikombe kumi, basi supu ni vikombe 15. Ikipungua, jazia maji ya moto. Mchele mpya wa msimu unakunywa maji machache zaidi, kwa hiyo muulize muuzaji, na siku mbili kabla pika kikombe kimoja cha mchele huo huo uone unavyokwenda. Supu kabla ya kutia mchele onja: iwe imezidi chumvi kidogo kuliko unayoipenda, kwa kuwa mchele na viazi vitainywa.

Maji yakikaribia kukauka na vitundu vikaanza kuonekana juu, geuza mara moja kwa mwiko kutokea pembeni. Punguza makaa ya chini ubakishe machache, weka mengine juu ya mfuniko, acha dakika 25. Usifunue. Ukifunua kuangalia unatoa ule mvuke unaoivisha punje za juu, kisha utaongeza maji, na maji ya kuongeza ndiyo yanayoleta bokoboko.

Hesabu majiko: sufuria mbili za pilau, chungu cha mama, na kuku, yote ya mkaa. Una majiko mawili, azima mengine mawili. Gesi ibaki ya kukaangia vitunguu, kuchemsha maji na chai. Mtungi wako upime mapema: mwagia maji ya moto ubavuni, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofika. Mvua ikinyesha, sogea barazani penye hewa. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama madirisha yako wazi, kwa sababu hewa yake inaua na haina harufu.

Kuku ni kazi ya mumeo. "Utaweza tu" ni neno la mtu ambaye hajaona kazi ilivyo, basi mwonyeshe. Keti naye jioni moja, watoto wamelala, mpe karatasi yenye jina lake: kuku sita wa kisasa wakatwe vipande vinane vinane, viungo viingie tarehe 24 jioni, mkaa uwashwe saa tano asubuhi, na nyama isiwekwe mpaka makaa yapate majivu juu. Moto wenye ndimi unababua ngozi huku mfupa bado una damu. Kipande cha paja achane karibu na kiungo aangalie. Kikitoa maji mekundu, kirudi. Viti, turubai na maji ya kwenye mapipa pia ni vyake.

Na fedha ni jukumu lake vilevile, kwa sababu walioamua kuja ni ndugu zake. Mwambie asiombe mchango wa pesa. "Nitatuma" huingia kwenye simu tarehe 25 jioni, sahani zimeshaoshwa. Aombe vitu, kwa idadi, vifike tarehe 23: nyumba moja kuku sita, nyingine soda kreti mbili na maji, nyingine mchele na mafuta, wifi na keki yake. Laki tatu yako ibaki ya nyama, ndizi, viungo, mkaa na dharura.

Kitimoto, hapana. Shemeji aambiwe na kaka yake, wewe usiingie. Majirani mnaokula nao kila sikukuu hawawezi kushika sahani wasiyo na uhakika nayo, na hata kikipikwa pembeni, miiko na sufuria huchanganyika mikononi mwa watu wengi. Nyama nunua kwenye bucha wanaloliamini wao, na uwaambie ni lipi. Sahani zao zitoke kwanza, kabla wageni hawajaanza kupakua, ili wapate pilau ya moto na mnofu badala ya masazo.

Saa zako ziende hivi: ibada ya kwanza mwende wote, mama pia. Saa nne mkaa wa mtori. Saa tano vitunguu. Saa sita na nusu mchele uwe motoni, wakati huo mtori unaanza kunywewa, na wenye njaa hawatakusumbua. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vikatwe saa saba, kwenye ubao ambao haujagusa kuku mbichi, na chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupeleka mezani. Ukitia mapema inakuwa supu. Saa nane chakula.

Saa kumi funga mezani. Pilau iliyobaki isishinde kwenye hotipoti mpaka usiku, maana uvuguvugu ule ndio unaoichachusha. Tandaza kwenye sinia ipoe, wagawie wanaoondoka, ya kwenu itie friji. Vyombo waoshe walioketi Krismasi zilizopita wakati wewe unaosha. Anza na wifi mdogo, mwite kwa jina, mpe sabuni mkononi.