Menyu ya Kiayalandi kwa watu kumi: pika kondoo, achana na rangi ya kijani

Mkuu, umesema unalisha watu kumi tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick, na umepanga nyama ya ng'ombe ya chumvi, kabichi na keki ya kijani. Hiyo ni meza ya Waayalandi wa Marekani. Kule Ayalandi kwenyewe ng'ombe alifugwa kwa maziwa na siagi. Nyama yake ya chumvi ilipakiwa melini bandarini Cork ikauzwe nje, na mtu wa kawaida akila kabichi na nyama ya nguruwe. Waliohamia New York wakaikuta nyama ya kidari cha ng'ombe iliyotiwa chumvi kwenye bucha za Wayahudi, wakaizoea. Si vibaya kuipika, ila kama unataka Ayalandi yenyewe, na huenda una wageni wasiokula nguruwe, pika mchuzi wa kondoo.

Chukua shingo na bega vyenye mifupa kilo 2.5, viazi kilo 2.5, vitunguu maji kilo 1, thaimu, chumvi na maji kama lita 1.5. Nyama haikaangwi. Kata kilo 1 ya viazi vipande vyembamba uvitandaze chini ya sufuria: hivyo vitayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Juu yake panga nyama na vitunguu, mimina maji, na ukichemka uengue povu. Punguza moto hadi vionekane vipovu vichache tu pembeni. Baada ya saa moja na robo weka viazi vilivyobaki, vikubwa, funika dakika 40 nyingine. Moto mkali ndio unaoharibu: nyama hukakamaa, viazi hupasuka, mafuta huchanganyika na supu ikawa nzito mdomoni. Ukitumia nyama ya mbuzi aliyekomaa, iongezee nusu saa kabla ya viazi vya pili. Karoti zina ubishi hukohuko kwao. Mimi naona nne tano hazidhuru. Mkono utawasha kutaka kutia tangawizi, saumu na bizari. Uzuie. Pilipili manga na pasli mwishoni vinatosha.

Mkate wa soda ndipo wengi wanapokwama. Kwa mkate mmoja (oka miwili): unga wa ngano wa kawaida gramu 450, chumvi kijiko kimoja cha chai, bekin soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na mililita 350 hadi 400 za maziwa yanayobaki baada ya kusuka siagi. Ukiyakosa, mtindi usio na sukari uliolegezwa kwa maziwa hadi umiminike unafanya kazi ileile. Lazima kiwe kitu kichachu, maana soda haitoi gesi ya kutosha bila asidi. Unga uliokwisha kuchanganywa na bekin pauda usiutumie.

Washa oveni kwanza, 230°C. Chekecha vikavu pamoja, mimina karibu maziwa yote mara moja, zungusha kwa vidole vilivyotanuka mpaka unga ushikane tu. Usikande! Ukikanda unapata jiwe. Ukiuacha umekaa mezani, gesi inatoka na mkate haupandi. Ufanye duara nene la sentimita 4 hivi, chora msalaba wa kina ili joto lifike katikati, oka dakika 15, shusha hadi 200°C, endelea dakika 25 hadi 30. Gonga chini: ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi, umeiva. Ukiwa na madoa ya njano na ladha ya sabuni, soda ilizidi au haikuchekechwa. Uoke siku hiyohiyo, kesho yake unafaa kwa kuchomwa tu.

Pembeni weka kolkanoni, viazi vya kuponda na mboga ya majani, ingawa kwa desturi ni chakula cha Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba. Viazi kilo 1.5 vichemshwe na maganda. Kwa walioko Kenya, aina ya viazi iitwayo Shangi inapondeka vizuri. Sukuma wiki gramu 500 ichemshwe, ikamuliwe kwa nguvu (maji yakibaki, chakula kinakuwa uji), ikatwe ndogondogo. Ponda viazi kwa mkono pamoja na maziwa ya moto mililita 300 na siagi gramu 100, kisha changanya mboga na vitunguu vya majani. Blenda inageuza viazi kuwa gundi. Pakua, toboa shimo katikati, jaza siagi ya kuyeyuka.

Mwisho wa mlo, badala ya keki ya rangi, toa mkate wa zabibu: zabibu gramu 350 zilale usiku kucha katika mililita 300 za chai nzito ya rangi, asubuhi utie yai, sukari gramu 125 na unga gramu 250. Huu ndio unaotaka bekin pauda, vijiko viwili vya chai, pamoja na mdalasini kidogo. 160°C, saa moja na robo. Kata, paka siagi, na uutoe pamoja na chai kali ya maziwa. Majani ya Kenya na Rwanda yanaingia kwenye michanganyiko mingi ya chai inayouzwa huko kwao, kwa hiyo hapo huna cha kuagiza nje.