Kabla ya manda, tuulizane habari ya mfuniko

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mtu anayepika guotie nyumbani, zile jiaozi za Kichina, vifuko vya manda vyenye nyama ndani, zinazokaangwa upande mmoja na kuivishwa kwa mvuke, anunue manda zilizokwisha kutengenezwa au akande unga mwenyewe. Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kulisoma: akande mwenyewe, na asiyetaka kukanda apike kitu kingine. Hata hivyo, kilichonifanya nikae niandike si manda. Ni ule mstari mmoja katika mapishi mliyoyachapisha pamoja na swali, unaomwambia msomaji amwage maji, afunike na asubiri ziive, kana kwamba hapo hapana jambo. Hapo ndipo penye jambo lote. Watu hawaharibu guotie kwenye kibao cha kusukumia, wanaziharibu kwenye mfuniko, na mimi ni shahidi kwa kuwa niliwahi kuharibu 32 kwa mkupuo mmoja.

Nilisoma Shenyang, kaskazini-mashariki mwa China, kuanzia mwaka 2010 hadi 2014, na kwa muda mrefu nilipanga chumba katika jengo kuukuu lililojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Ghorofa ya chini yangu aliishi mama mmoja mjane, mstaafu, ambaye wapangaji sote tulimwita ayi, yaani mama mdogo. Tarehe 22 Desemba 2011 ilikuwa Dongzhi, siku yenye mchana mfupi kuliko zote za mwaka, na siku hiyo watu wa kaskazini mwa China hula jiaozi. Husimuliwa kwamba tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han ya Mashariki, yapata miaka 1,800 iliyopita, aliwaonea huruma maskini ambao masikio yao yalikuwa yameliwa na baridi, akawapikia nyama ya kondoo na dawa zenye kuleta joto, zikiwa zimefungwa ndani ya unga uliofinyangwa kwa umbo la sikio. Ndiyo maana huambiwa kwamba asiyekula jiaozi siku ya Dongzhi masikio yake yatadondoka. Ayi aligonga mlango wangu alasiri, akaniuliza kama masikio yangu bado nayataka.

Alijua kwamba mimi ni Mwislamu. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kwa mchinjaji wa Kihui, yaani wale Waislamu wa China ambao lugha yao ni Kichina, akanunua kima ya kondoo. Kisha, bila kuniambia, alinunua kikaango kipya cha chuma, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimekaangiwa nguruwe miaka yote ya ndoa yake. Nilikikuta juu ya jiko, bado kikiwa na alama ya gundi mahali palipobandikwa karatasi ya bei.

Kazi ya kujaza sitaieleza kirefu, maana hata nyinyi mliieleza vizuri. Kabichi ya Kichina ilikatwa ndogondogo, ikatiwa chumvi, ikaachwa robo saa, kisha ikafungwa kitambaani na kukamuliwa kama chicha ya nazi, kwa kuwa maji ya kabichi yakibaki ndani huilowesha manda kabla haijafika jikoni. Kima ilitiwa tangawizi, kitunguu cha majani, sosi ya soya na mafuta ya ufuta, ikakorogwa kwa kufuata upande mmoja tu huku ikiongezwa maji kijiko kwa kijiko mpaka ikanata. Marinda ya ukingoni, ambayo nyinyi mliyapa picha sita, niliyajifunza kwa dakika kumi, na yangu mabaya yalifunga sawasawa na yake mazuri.

Ayi alitia mafuta kikaangoni, akazipanga zote 32 kwa duara, zikiwa zimebanana, akaziacha kama dakika mbili mpaka sehemu ya chini ikaanza kugeuka rangi. Akamwaga maji yaliyofika theluthi ya kimo chake, akafunika. Mara simu ikalia chumbani. Alikuwa mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Dalian. Akaniambia nisimamie, akaenda kuipokea.

Sasa nisikilizeni, maana aibu hii sijaisahau hadi leo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimelelewa katika nyumba ambayo wali hupaliwa kwa makaa juu ya mfuniko, anayefunua kabla ya wakati hupigwa kofi la mkono, na ukoko hugombewa na watoto. Elimu yote niliyoihitaji nilikuwa nayo. Lakini niliyaona mapishi yale kuwa ya kigeni, nami nikajifanya mgeni: nilifunua baada ya dakika moja nione kama maji yanachemka, nikafunua tena nione kama zimebadilika rangi, nikafunua mara ya tatu kwa sababu nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kilichokuwa kikiungua kilikuwa chini, na kibichi kilikuwa juu. Mvuke ulikuwa umetoka wote, maji yalikuwa yamekwisha, na kingo zenye marinda zilikuwa bado nyeupe, kavu, unga wake ukishika kidoleni. Nikachukua kijiko cha bati ili nizibandue. Manda ikabaki kikaangoni, nyama ikaja na kijiko. Ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, na badala ya kuacha nikaendelea, sijui kwa matumaini gani, mpaka sahani ikawa na kima tupu na kikaango kikawa na ngozi tupu.

Ayi aliporudi alisimama mlangoni na simu yake mkononi. Hakunikemea. Alichota vipande viwili katika fujo ile, akavichovya kwenye siki nyeusi yenye kitunguu saumu, akala, akasema kwamba nyama imekolea. Kisha akakwangua kikaango, akakiosha, akakirudisha motoni kikiwa kikavu mpaka kikatoa moshi, akakipaka mafuta na kuanza upya na zile zilizobaki. Safari hii, alipokwisha kufunika, aliukamata mkono wangu wa kulia kwenye kifundo, akaniambia nisitazame, nisikilize.

Mwanzoni maji hububujika kwa sauti nzito, kama sufuria ya maharage. Baada ya dakika tano au sita sauti hiyo hupungua na kuwa nyembamba, na kati ya pumzi moja na nyingine hugeuka kabisa, ikawa chwaa kavu ya mafuta, kama dagaa waliotupwa kikaangoni. Hapo ndipo aliponiachia mkono. Sababu yake si siri: maadamu maji yapo, sehemu ya chini haiwezi kupata joto linalopita sana lile la maji yanayochemka, kwa hiyo haikaangiki, huku mvuke uliofungiwa ukiivisha manda upande wa juu pamoja na nyama iliyomo. Maji yakiisha, joto hupanda na ukoko hujifanya wenyewe. Anayefunua mapema hutoa mvuke unaohitajiwa juu, wakati maji ya chini yanaendelea kukauka bila faida. Jina lenyewe pia nikalielewa siku hiyo, kwani guotie maana yake ni iliyonata sufuriani, na kitu kilichonata kikipewa muda wa kukauka sawasawa hujibandua chenyewe, kama ukoko wa wali uliotulizwa. Wajapani, ambao baadhi yao walijifunza mapishi haya huko huko Manchuria, yaani kaskazini-mashariki mwa China, wakayapeleka kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha mwaka 1945 na kuyaita gyoza, siku hizi huchanganya kijiko kimoja cha unga katika vijiko kama kumi vya maji hayo ili chini ifanyike utando mkavu unaoziunganisha zote. Ni mzuri kwa macho, lakini asiyeweza kuvumilia mfuniko hautamfaa kitu.

Nilipofika hapa nilikusudia kurudi kwenye swali lenu na kueleza kwa nini manda ikandwe nyumbani. Ningewaambia kwamba za kuchemsha hukandwa kwa maji baridi ili ziwe na ukakamavu, na za kukaanga hukandwa kwa maji ya moto, gramu 300 za unga wa ngano kwa mililita 160 hivi za maji yaliyotoka kuchemka, ili donge lilainike na lisijivute linaposukumwa. Kwamba donge lifunikwe kwa kitambaa kibichi na kupumzishwa nusu saa. Na kwamba kila manda ibaki nene katikati na nyembamba ukingoni. Hayo yote ni kweli na ndivyo ninavyofanya.

Tatizo ni kwamba, katika kuikumbuka meza ya ayi, naliona bakuli dogo la maji katikati yetu, na vidole vyangu vikichovywa humo kabla ya kila rinda. Manda uliyoisukuma muda huo huo haihitaji maji, hujifunga kwa kufinywa tu. Maji hutakiwa na iliyonunuliwa. Nikakumbuka, na sasa sina shaka, mfuko wa plastiki wenye manda za duara zilizonyunyizwa unga, alizopimiwa sokoni jin moja, yaani nusu kilo, kwa sababu kifundo chake cha mkono kilimuuma kila baridi ilipozidi. Kwa hiyo guotie nzuri kuliko zote nilizowahi kula, zile ishirini na kitu za awamu ya pili, ambazo kwazo nilikuwa tayari kuwahukumu wasomaji wenzangu, zilikuwa za manda za kununua. Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, hata mfuniko siwezi kuutwisha kosa lote: kikaango kile kilikuwa kipya, chuma ambacho bado hakijakolea mafuta, na pengine 32 zangu zingenata hata kama nisingefunua.

Basi nihesabuni upande wa wanaonunua, lakini kwa masharti. Manda za ayi zilikuwa mbichi, zimetengenezwa asubuhi hiyo hiyo, na bado zilikuwa laini. Zilizokaa kwenye friza mpaka kingo zikapasuka ni kitu kingine, na hizo heri uziache. Wala msidanganywe na anayesema kwamba manda ya sambusa ni ile ile. Manda ya sambusa imekwisha kupitishwa kwenye chuma cha moto, kwa hiyo haijifungi bila gundi ya unga, na ikipigwa na mvuke hulegea na kuachana kabla nyama haijaiva. Mwenye kifundo kizima cha mkono na saa moja ya ziada anaweza kukanda, ila asidhani kwamba kwa kukanda amemaliza.

Mimi mwenyewe Jumapili nitakanda, kwa kuwa hapa mjini manda mbichi za namna ile sijaziona sokoni. Wanangu wawili wamekwisha kuambiwa kwamba watasaidia kufinya marinda, na juu ya mfuniko nitaweka kile kinu cha kutwangia thomu.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga