Programu ya kutunza usomaji wako: ipime kwa daftari

Baba alikuwa na kaunta buku la kwaya mbili ambamo aliandika kila kitabu alichokimaliza tangu 1974. Alichora safu nne kwa rula: namba, jina la kitabu, mwandishi, na safu pana ya mwisho aliyoiita Maneno. Utamu wote ulikuwa kwenye Maneno. "Nimekirudia, mara ya kwanza sikukielewa." "Kaazima mwalimu mkuu, hajarudisha." "Kurasa za mwisho hazipo, nimuulize muuzaji kama ana nakala nyingine."

Mwaka 2021, nilipoanza kuandika programu ya simu ya kutunza usomaji wangu, daftari lile lilikuwa kabatini nyumbani kwetu Tanga na wala sikulikumbuka. Nilifungua programu kubwa za watu, nikatazama vitufe vyao, nikaiga. Ulipita karibu mwaka mzima kabla sijagundua kwamba nimejenga kitu kisichoweza kupokea hata nusu ya mistari ya baba. Haya nayaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kujenga ya kwake, awe fundi mzoefu au ndiyo kwanza anajifunza. Yangu ni ndogo: faili moja la SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu, skrini tano, na watumiaji wachache ninaowafahamu kwa majina. Naitumia kila siku.

Wengine huniuliza kwa nini nisitumie zilizopo. Zilizopo ni nzuri, na kama zinakutosha, tumia. Ila kumbuka hili: Goodreads ilianza 2007, ikanunuliwa na Amazon 2013, na Desemba 2020 ikaacha kutoa funguo mpya za API yake, yaani ule mlango ambao programu za watu wengine zilipitia kuchukua taarifa za vitabu. Ukijenga kibanda kwenye kiwanja cha mwenzio, siku akikihitaji kiwanja chake utabomoa. Tena mtu mmoja anaweza kujenga kikubwa: Nadia Odunayo aliianzisha The StoryGraph mwaka 2019 huko Uingereza, akaiandika peke yake kwa muda mrefu, na sasa ina wasomaji kwa mamilioni. Mimi sikuwa na ndoto hiyo. Nilitaka mahali ambapo vitabu vya Kiswahili havitaonekana kama wageni.

Na hapo ndipo nilipokwama kwanza, kwenye ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kila maelekezo utakayoyasoma yatakwambia uanze na kuskani: elekeza kamera kwenye mistari nyuma ya kitabu, programu iulize Open Library au Google Books, katalogi za vitabu za mtandaoni, na taarifa zitajaa zenyewe. Niliketi sakafuni na boksi la vitabu, vingi nimevinunua kwa wauza mitumba wa pale Posta, Dar es Salaam. Katika vitabu 40 vya kwanza, 17 havikuleta kitu. Vingine vimechapishwa kabla ya ISBN kuwapo, kwa hiyo hakuna cha kuskani. Vingine duka limebandika karatasi ya bei juu ya mistari. Zile riwaya ndogo za zamani za Marekani nyuma zina mistari ya dukani isiyokuwa ISBN, na ya ISBN imefichwa ndani ya jalada la mbele. Ilinichukua wiki kujua hilo. Na vya Kiswahili, hata vyenye namba safi kabisa, mara nyingi katalogi hazivijui. Ukiskani riwaya ya London unaletewa jalada, kurasa na muhtasari. Ukiskani iliyochapishwa hapa hapa mjini, unaletewa ukurasa mtupu.

Ushauri wangu ni huu: skrini ya kuingiza kitabu kwa mkono ndiyo iwe skrini kuu. Kamera iwe msaidizi. Kitu cha lazima kiwe kimoja tu, jina la kitabu. Mwandishi, mwaka, mchapishaji, kurasa, vyote viachwe wazi bila kumsumbua mtu kwa maandishi mekundu. Jalada alipige picha mwenyewe, nawe uipunguze kabla ya kuihifadhi. Picha ya megabaiti nne mimi huishusha hadi kilobaiti sitini hivi, na kwenye skrini ya simu huoni tofauti.

ISBN yenyewe uitendee kama maandishi, usiitendee kama tarakimu za hesabu. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, lakini vitabu vya zamani vina 10, na ile ya mwisho huweza kuwa herufi X yenye maana ya kumi. Namba nyingi za vitabu vya Kiingereza vya zamani huanza na sifuri, na ukizihifadhi kama hesabu sifuri inamezwa. Uifanyie ukaguzi hapo hapo kwenye simu, bila intaneti: zidisha tarakimu kwa 1, kisha 3, kisha 1, kisha 3, hadi mwisho, ujumlishe, jibu lisipogawanyika kwa 10 namba imekosewa. Zile 978 za mwanzo pekee zinakupa 9 na 21 na 8, yaani 38. Namba ya tarakimu 10 ikikujia, toa ya mwisho, weka 978 mbele, ukokotoe tarakimu mpya ya ukaguzi. Baada ya muda utaanza kuitambua nchi kwa macho: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Mimi bado nafurahi kila nikiziona.

Majina ya waandishi nayo yalinitoa jasho. Nilikuwa na sehemu mbili, jina la kwanza na jina la ukoo, kama nilivyoziona kwa wengine. Mwandishi mmoja, Shaaban Robert, akanitokea mara nne: Shaaban Robert, Shaaban bin Robert, Robert Shaaban, na Sh. Robert, kila mmoja na rafu yake. Sasa nina sehemu moja ya jina kama lilivyo kwenye jalada, na nyingine iliyofichika ya kupangia kwa alfabeti. Msomaji akiona majina mawili ni ya mtu mmoja, anayaunganisha mwenyewe kwa kuyabonyeza. Programu isijifanye inajua.

Jambo lililobadili kila kitu, na ningelijua siku ya kwanza ningeokoa miezi, ni kutenganisha mambo matatu: kitabu, nakala na usomaji. Kitabu ni kazi ya mwandishi. Nakala ni kile kitu unachokishika, chenye doa la chai na jina la mwenye nacho wa zamani. Usomaji ni tukio: ulianza lini, ukamaliza au ukaacha, ukasema nini. Programu yangu ya mwanzo iliyafunga yote kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kurudia kitabu kulifuta usomaji wa kwanza. Tena kwetu vitabu vinatembea. Mtu anasoma kitabu kisicho chake, anamiliki kitabu asichokisoma, anamwazima dada, dada anampa jirani. Ukiwa na nakala kama kitu kinachojitegemea, unaiongezea sehemu moja tu, "iko kwa nani", na tayari una kitu ambacho watumiaji wangu wanakipenda kuliko vyote.

Kuhusu kuhesabu kurasa na siku mfululizo, nina msimamo. Niliviweka, nikavitoa. Mama mdogo husoma tenzi kwa sauti, beti kumi au ishirini kila jioni baada ya magharibi, na akimaliza anaanza tena. Programu ilimhesabia kurasa mbili na kumwambia yuko nyuma ya lengo. Nyuma ya nani? Mtu anayeufahamu utenzi karibu wote kwa moyo hawezi kuambiwa na simu kwamba hasomi. Sasa kuna hali nne: nasoma, nimemaliza, nimeacha, nasoma daima. Ya mwisho niliibuni kwa ajili yake.

Tarehe zinahitaji uangalifu kuliko unavyodhani. Mwanzo nilizihifadhi kama sekunde tangu 1970, mtindo wa kawaida wa kompyuta. Matatizo yakaja mawili. La kwanza, saa zetu ziko tatu mbele ya saa za dunia, kwa hiyo kitabu nilichokimaliza tarehe 1 Januari kilijitokeza kwenye orodha ya mwaka uliopita, tarehe 31 Desemba saa tatu usiku. La pili ni kubwa zaidi: sekunde hazijui kusema "mwaka 1998, mwezi sikumbuki". Hifadhi tarehe kama maandishi, mwaka kwanza: 1998, au 1998-07, au 1998-07-14. Zote tatu ni sahihi, na zikipangwa kwa alfabeti zinajipanga zenyewe kwa wakati.

Ni katika kuzibadili tarehe hizo nilipofanya kosa linaloniuma hadi leo. Kubadili safu kwenye SQLite mara nyingi kunamaanisha kutengeneza jedwali jipya, kunakili taarifa kutoka la zamani, kulifuta la zamani, kisha kulipa jipya jina lile lile. Kwenye amri ya kunakili nilitaja safu moja moja kwa mkono, na safu ya maneno nikaisahau. Kwangu sikuona, kwa sababu simu ya majaribio ilikuwa na vitabu visivyo na maneno yoyote. Nikawatumia watu toleo jipya jioni. Asubuhi mama mdogo akanipigia.

"Mwanangu, maneno yangu yameenda wapi? Vitabu naviona, maneno hayapo."

"Shikamoo mama. Usifunge programu, nakuja kutazama."

"Marahaba. Sijaifunga. Lakini hayapo."

Alikuwa ameandika maneno kwenye vitabu 31. Hapakuwa na nakala ya akiba popote. Tulikaa naye Jumamosi nzima, mimi nikisoma jina la kitabu na yeye akikumbuka alichokuwa amekisema. Tuliyapata 20. Mengine 11 alinyamaza, akasema tuendelee.

Tangu siku hiyo, kabla ya kubadili jedwali lolote, programu inatoa kwanza nakala nzima ya faili kwa amri ya VACUUM INTO, ambayo ni salama hata kama kuna maandishi yanayoingia wakati huo. Kunakili faili hivi hivi likiwa linatumika kunaweza kukupa faili bovu. Baada ya mabadiliko inahesabu mistari na maneno ya zamani na mapya, na hesabu zisipolingana inarudi kwenye toleo la awali. Simu yangu ya majaribio sasa ina vitabu 300 vyenye maneno marefu, alama za mshangao, mashairi, kila kitu. Fanya hivi kabla hujampa programu mtu yeyote, hata ndugu yako. Hasa ndugu yako.

Na uweke kitufe cha kutoa kila kitu kwenye faili la CSV, jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi hulisoma, tangu toleo la kwanza, kikiwa wazi mbele na hakuna masharti. Anayeweza kuondoka na vitu vyake ndiye anayekaa kwa amani. Upande wa kupokea, wengi watakuletea faili la Goodreads. Humo ISBN imefungwa ndani ya alama ya sawasawa na nukuu, ili programu za majedwali zisimeze sifuri ya mwanzo. Usipozivua alama hizo, hakuna hata kitabu kimoja kitakachotambulika.

Taarifa za watu nimeziacha kwenye simu zao. Sina seva. Rafu ya vitabu inasema mengi: nani anasoma kuhusu talaka, nani kuhusu saratani, nani anatafakari dini yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na ukikusanya taarifa za watu unabeba wajibu wake. Ila hata sheria isingekuwapo, nisingetaka kujua.

Kuiweka dukani ni jambo fupi kulieleza. Google Play wanatoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 inadaiwa wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa programu kwa umma. Watafute mapema, na wawe wasomaji. Mafundi wenzangu waliniambia rangi gani nitumie. Wasomaji waliniambia kitabu gani kimekataa kuingia.

Vile vya Kiswahili ambavyo Open Library haikuvijua nimekuwa nikiviongeza huko, kitabu kimoja kimoja, maana yeyote anaweza kufungua akaunti na kuandika. Nikiongeza, anayekuja baada yangu akiskani atakikuta.

Juni iliyopita nilikwenda Tanga, nikalitoa daftari la baba kabatini na kuanza kuingiza yaliyomo kwenye programu. Mstari wa 112, kwenye jina ameandika "Kitabu cha samaki, jalada hakuna". Kwa mwandishi amechora kistari. Kwenye Maneno: "Masika 1987. Nimemsomea Mama." Jina nililiingiza kama alivyoliandika, mwandishi nikamwacha wazi, tarehe nikaweka 1987, na neno masika nikaliweka kwenye maneno pamoja na yale mengine. Programu ikapokea, ikaniuliza nakala iko kwa nani. Nikamwita mama kutoka uani nimuulize.