Fomu mlangoni: majibu ya maswali yenu

Maswali ya wiki hii karibu yote yanaangukia palepale, watu wanafika kwenye apu na hawajisajili. Haya twende.

Kaka, nina apu ya wavuti ya kuandika ankara, kwa ajili ya mafundi na wenye maduka. Wanaingia wengi ila wakifika kwenye fomu ya kujiunga wanaishia hapo. Nipunguze nini kwenye fomu? (Mwanza)

Usipunguze, itoe hapo mlangoni kabisa. Mtu amekuja kuandika ankara wewe unamuuliza tarehe ya kuzaliwa, ya nini? Juzi nilikaa na mama mmoja fundi cherehani Kariakoo namwangalia anajaribu apu ya aina hiyohiyo kwenye simu yake. Kitu cha kwanza imeili. Imeili anayo, alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliyonunua simu, na paswedi yake anaijua kijana. Akanisogezea simu, "hebu nijazie mwanangu". Bando linakatika na bado hajaona hata hiyo apu inafananaje. Sasa wewe fanya ukurasa wa kwanza uwe ankara yenyewe, tupu, aandike jina la mteja, gauni 2 kwa 35,000, jumla ijiandike 70,000, PDF itoke amrushie mteja WhatsApp. Akitaka aikute na kesho, hapo ndo umwambie weka namba tukutunzie, na ataweka bila kusukumwa maana sasa ana kitu chake humo ndani. Duolingo wanakufundisha kwanza ndo wakuulize habari za akaunti, Excalidraw unafungua unachora, na hawa wote hawalii kukosa watumiaji.

Nikiweka kitufe cha kuingia kwa Google si limeisha?

Paswedi ya hiyo Google anayo kijana wa dukani. Rudia kusoma hapo juu.

Kazi ya mtu ambaye hajajisajili niihifadhi wapi?

Hili ndo swali zuri. Hifadhi ya brauza ni bure na kwa rasimu moja inatosha, ila ujue linki yako wengi wanaibonyezea ndani ya Instagram au Facebook, na hizo zinafungua kwa brauza yao ya ndani. Kesho mtu anarudi kwa Chrome anakuta patupu, anakuona tapeli. Wa iPhone nao, tangu 2020 brauza yao ya Safari inafuta vitu ambavyo msimbo (code) wa ukurasa wako umeviweka, mtu akitumia Safari siku 7 bila kugusa tovuti yako. Wengine watakwambia tumia akaunti za mgeni za Firebase (huduma ya Google ya kutunza akaunti na data za apu), mtu anapewa kitambulisho kimyakimya, kazi inakaa kwenye seva, akijisajili unaunganisha imeili au namba kwenye kitambulisho kilekile na hakuna kinachohama. Nzuri, mi naitumia, lakini hicho kitambulisho nacho kinakaa kwenye brauza kwa hiyo shida ya Instagram iko palepale. Dawa yake ni kumpa linki ya kurudia, aijitumie WhatsApp. Na linki iwe ndefu ya kubahatisha haiwezekani, sio ile mnayoweka inaishia na 125, jirani akiandika 126 anasoma ankara za watu. Nimeshakutana nazo, zaidi ya moja.

Je mgeni akijisajili ikaonekana kumbe ana akaunti ya zamani?

Firebase itakataa kuunganisha, itakwambia hiyo imeili ina mwenyewe. Hapo developa mvivu anamwingiza kwenye akaunti ya zamani na kazi aliyotoka kuifanya inayeyuka. Imenikuta mimi, barua ya maombi niliyoiandika usiku mzima, nabonyeza hifadhi, naletewa "karibu tena" na ukurasa mweupe. Shika kazi ya mgeni kwanza, mwingize, halafu uinakili kwenye akaunti yake ya zamani. Kazi mpya na ya zamani zikigongana mwache achague yeye.

Wageni na maroboti si watanimaliza hela?

Mgeni mpe visivyokugharimu. Kuandika, kujumlisha na kutoa PDF ndani ya brauza yake hakuli hata senti yako. Kutuma SMS ndo unaomba namba na kuithibitisha. Tena nyie mnaotuma meseji ya namba ya uthibitisho mlangoni ndo mnaoliwa, roboti likijaza fomu mara mia unalipia meseji mia, na hakuna ankara hata moja iliyoandikwa.

Sisi namba tunaichukua mwanzo ili anayeishia njiani tumpigie. Ubaya uko wapi? (Nairobi)

Nilijua mtakuja. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania tuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinataka taarifa ya mtu uichukue kwa lengo linaloeleweka, usichokihitaji ukiache. Huyo hajaomba kupigiwa. Na fungua databezi yako leo uhesabu namba za uongo, zile zinazoishia sifuri sita, hao ndo wateja unaojisifia kwenye ripoti.

Apu yangu haipati watu, tatizo nini?

Linki iko wapi? Huyu ni wa tano mwezi huu, mi sio mganga.