Maswali na majibu: Dubai haijui jua la Dodoma

Barua nyingi za wiki hii zimetoka hapahapa Dodoma, na karibu nusu zinauliza jambo moja. Naanza nalo.

Lini Dodoma itakuwa kama Dubai? Naona maghorofa ya vioo yameanza kuota mjini. (Kijana wa Area D)

Mwanangu, usiitamani Dubai ya vioo. Ile inaishi kwa viyoyozi na kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Sisi bahari hatuna, na maji tunayavuta kwenye visima vya Mzakwe. Tena Dubai ya zamani, mtaa wa Al Fahidi, nyumba zake zina kuta nene na minara ya kunasa upepo. Wagogo, wenyeji wa hapa, nao walilijua jua lao: ukiingia kwenye tembe, nyumba yao ya udongo, saa nane mchana, ukuta na paa la udongo vimeliacha joto nje. Sikuambii ukajenge tembe, ila jiulize aliyelijenga alijua nini ambacho mchoraji wako hakijui.

Oktoba niliingia ofisi moja hapa mjini, ghorofa ya tatu, saa kumi alasiri. Ukuta wote wa magharibi ni kioo. Watumishi walikuwa wamekatakata maboksi ya karatasi na kuyabandika kwenye vioo kwa selotepu, na karani aliyenihudumia alikuwa amehamishia meza yake kwenye korido. Kiyoyozi kinanguruma. Nje upepo wa Dodoma unavuma bure, na madirisha yale hayafunguki!

Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini. Paa litokeze vya kutosha nje ya ukuta, na kila chumba kipate upepo wa kuingia na wa kutokea. Ukiletewa mchoro wenye kioo kikubwa upande wa magharibi, urudishe.

Fundi anataka kufunika ghorofa yangu kwa paneli za alumini ili ipendeze. Nikubali? (Mfanyabiashara, Kisasa)

Kwanza muulize katikati ya hizo paneli kuna nini. Grenfell Tower ya London ilifunikwa paneli zenye plastiki katikati. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda nazo hadi juu, na watu 72 walikufa. Kama fundi hana jibu la maandishi, piga lipu na rangi.

Nimepata kiwanja Nala kwa bei poa, dalali anasema kimepimwa. Nilipe?

Usilipe. Nimelijibu swali hili mara nyingi hadi nimechoka, na bado watu wanalia. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa siyo hati.

Brasília, mji mkuu wa Brazil, nayo ni makao makuu yaliyojengwa kuanzia mwanzo. Ilifanikiwa? (Mwalimu, Ihumwa)

Kwa majengo, ndiyo. Lúcio Costa alichora mji, Oscar Niemeyer akachora majengo yake makubwa, na ulizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960. Lakini waliobeba zege na nondo hawakupangiwa pa kuishi ndani ya mchoro. Taguatinga, mji wa pembeni wa watu wa kipato cha chini, ulianza 1958, miaka miwili kabla ya uzinduzi. Hadi leo maelfu ya watu wa miji ya pembeni huingia Brasília asubuhi kufanya kazi na kurudi jioni.

Mwalimu, sisi tuliamua kuhamia hapa mwaka 1973, na somo hilo lilikuwa tayari limeandikwa. Sasa tazama Mtumba, mji wetu wa serikali. Wizara zimejengwa, na barabara ni pana. Mama anayewauzia watumishi chai na chapati analala wapi? Analala Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, anadamka usiku kuwahi daladala, na sehemu ya faida yake inaishia kwenye nauli. Kila mradi wa ofisi ungetengewa hapohapo viwanja vidogo vya watu wa aina yake, vyenye maji na njia ya kupita. Mita za mraba 250 zinatosha nyumba nzuri. Tunagawa viwanja vikubwa, vingi vinabaki vichaka, halafu tunashangaa bomba la maji haliwafikii watu.

Kwa nini Singapore karibu kila mtu ana nyumba? (Mpangaji, Nkuhungu)

Kwa sababu walianza na ardhi. Shirika lao la nyumba, HDB, liliundwa 1960, na sheria ya 1966 ikaipa serikali nguvu ya kutwaa ardhi. Leo wakazi kama 8 kati ya 10 wanaishi kwenye nyumba za shirika hilo, wengi wakiwa wamenunua haki ya miaka 99 kwa msaada wa akiba yao ya uzeeni. Kwetu ardhi yote ni ya umma tayari, na tangu 2008 sheria inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Siku ukinunua ghorofani, uliza kabla ya kusaini nani atatengeneza lifti na nani atasafisha tanki la maji.

Nyumba yangu tayari imetazama magharibi. Nibomoe? (Mama wa watoto wawili, Miyuji)

Hapana, dada yangu. Panda miarobaini miwili upande huo, mbali kidogo na msingi na mbali zaidi na karo la majitaka. Ipande mvua za Desemba zikianza, na kiangazi uimwagilie maji ya kuoshea mboga. Wakati unaisubiri ikue, ezeka baraza mbele ya ule ukuta, hata kwa makuti.